Mteja Wako Yuko Mlimani: Mwongozo wa kuuza na kujitangaza kwa wafanyabiashara wadogo wa mwambao wa Nyasa

Mfanyabiashara mdogo wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi akikosa wateja, ushauri wa kwanza anaopewa ni "jitangaze". Anachora bango, anaweka picha tatu mtandaoni, anasubiri. Wiki mbili baadaye hajaona tofauti, na anaamua kwamba matangazo ni ya watu wa mjini.

Mara nyingi kilichokosekana si bango. Alitangaza kwa watu ambao siku hiyo hawakuwa na pesa, au kwa majirani wanaouza kitu kilekile anachouza yeye. Ufukweni kila nyumba ina dagaa. Anayewatafuta yuko Mbinga mjini, yuko Songea, yuko njiani Kitai akiendesha lori la makaa ya mawe ya Ngaka, yuko kwenye shule ya bweni yenye wanafunzi wa kulisha. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, imebadilisha hesabu hiyo kabisa. Milima ya Umatengo ambayo wakati wa masika iliwahi kulaza magari njiani sasa unaipanda asubuhi na mzigo wako, na jioni umesharudi nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkausha dagaa, mama lishe, mwenye nyumba ya wageni, mwenye boti na mwenye duka. Unashikilia jambo moja: peleka habari kwa mteja kabla pesa haijamfikia, ili ikimfikia awe ameshajua ataipeleka kwa nani.

Kwanza: jua nani ana pesa, na lini

Wilaya za Mbinga na Nyasa zina majira ya pesa yanayojulikana vizuri. Anayeyafuata anatumia gharama ndogo kujitangaza, kwa sababu hapigi kelele mwaka mzima.

*Siku za giza.* Dagaa wa Nyasa, usipa, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa taa, na mavuno hushuka. Kwa hiyo wingi wa bidhaa unafuata mwezi wa angani, na wewe unajua wiki mbili mapema lini mzigo utakuwa mwingi na wa bei nafuu, na lini utaadimika. Mteja wa Songea hajui. Mwambie.

*Mishahara.* Walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri hulipwa katika siku kumi za mwisho wa mwezi. Ujumbe wako uwafikie kabla ya tarehe 20.

*Kahawa.* Umatengo wote unaishi kwa kahawa. Uchumaji huanza karibu mwezi Mei na kuendelea miezi kadhaa, na malipo ya wakulima hupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, baada ya kahawa kuuzwa. Siku pesa inapoingia, kijiji kizima hujua. Kuwa na mtu mmoja katika kijiji cha kahawa, shemeji au rafiki, atakayekupigia simu malipo yakikaribia. Huo ndio wakati wa mabati, nguo, samaki wakubwa, harusi na vipaimara.

*Mvua.* Kuanzia Novemba hadi Aprili kukausha ni shida, na dagaa kavu wasafi huwa adimu. Aliyehifadhi vizuri mzigo wa kiangazi huuza kwa bei nzuri zaidi.

*Mwera.* Upepo huu wa kusini huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Usipange safari za boti za wageni kana kwamba ziwa litatulia. Lakini miezi hiyohiyo Mbinga kuna baridi kali, na ziwa lipo chini, karibu mita 475 tu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Mbinga anayetetemeka mwezi Julai ni mteja wa nyumba yako ya wageni. Ni nani amewahi kumwalika?

*Sikukuu.* Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka huwarudisha nyumbani walioko Dar es Salaam na kwingineko. Wakiondoka wanataka zawadi ya ziwani ya kubeba. Songea nayo hujaa watu kila Februari kuelekea tarehe 27, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji.

Fanya hivi leo:

1. Chukua kalenda ya ukutani ya mwaka mzima.
2. Weka alama kwenye siku za mwezi mpevu na siku za giza.
3. Zungushia tarehe 18 hadi 20 za kila mwezi: ndizo siku za kutuma habari kabla ya mishahara.
4. Andika sikukuu, kufunguliwa na kufungwa kwa shule, na gulio la kila kijiji unachoweza kukifikia.
5. Rudi nyuma siku saba kutoka kila tukio jingine, uandike: "tuma habari".

Bidhaa yenyewe ndiyo tangazo la kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara nyingi za mwambao zinapopotezea wateja.

Mtazame mnunuzi wa dagaa wa jumla anavyokagua gunia. Hasemi kitu. Anaingiza mkono hadi katikati, kwa kuwa anajua walio juu wamechaguliwa. Anatoa konzi moja, anaisugua kwenye kiganja, anaacha dagaa waanguke, kisha anaangalia kiganja. Kama chembe za mchanga zimebaki, bei imeshashuka kabla hajafungua mdomo. Halafu anamvunja mmoja: mkavu hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Ananusa. Mwisho anatafuna kichwa. Ukaguzi mzima hauchukui hata dakika moja, na hakuna picha ya simu inayoweza kuubadili.

Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hawapiti ukaguzi huo. Dagaa wa kwenye chanja wanapita. Ukiwa na chanja, unalo jambo la kweli la kutangaza. Usipokuwa nalo, subiri kidogo kutangaza, kwanza jenga chanja.

1. Tumia miti au mianzi na wavu wa matundu madogo. Kimo cha kiunoni kinatosha: kuku na mbuzi hawafiki, na hewa inapita chini.
2. Osha dagaa kwa maji safi mara wanapotoka kwenye mtumbwi, kabla jua halijapanda.
3. Watandaze safu moja. Wakirundikana, wa chini huoza huku wa juu wakikauka.
4. Wageuze mara kadhaa kwa siku. Wingu likitanda, wafunike kwa turubai lisilowagusa.
5. Kabla ya kufungasha, waache wapoe kivulini. Wakifungwa na joto hutoa jasho ndani ya pakiti, na ukungu hufuata.
6. Chagua: wazima upande mmoja, waliovunjika upande mwingine. Waliovunjika wana soko lao la chakula cha kuku. Usiwachanganye ili kuongeza uzito.

Kisha fungasha. Pakiti ya nusu kilo iliyofungwa vizuri na yenye lebo inaweza kukaa kwenye rafu ya duka la Mbinga. Dagaa wa kwenye sado hawawezi. Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito halisi, tarehe ya kufungasha, tarehe ya mwisho wa matumizi, mahali ilipotengenezwa na namba ya simu. Andika "Dagaa wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay" kwa herufi kubwa kuliko jina lako. Mteja anatafuta ziwa kwanza. Jina lako atalijua akirudi.

KISANDUKU: Mambo ya sheria usiyoyaruka

- Mzani wako uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Pakiti iliyopungua uzito ni kosa, na ni aibu inayosambaa haraka kuliko tangazo lolote.
- Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia vifungashio vinavyoruhusiwa kwa chakula, na mpe mteja mfuko mbadala.
- Kwa alama ya ubora ya TBS, anzia SIDO, ofisi ya mkoa iko Songea. Huko utapata mafunzo ya usindikaji na ufungashaji pamoja na barua ya utambulisho wa mjasiriamali mdogo.
- Muone afisa uvuvi kuhusu leseni na kibali cha kusafirisha mazao ya samaki kabla ya kupakia. Mzigo ukizuiwa kwenye kizuizi, aliyekuwa anausubiri atanunua kwa mwingine.
- Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Kikundi cha wakausha dagaa chenye vichanja na kumbukumbu za mauzo kina hoja ya kwenda nayo kwa afisa maendeleo ya jamii.

Bei: hesabu kabla ya kutaja

Wengi hutaja bei kwa kusikiliza jirani anauza ngapi. Jirani huenda anapata hasara bila kujua.

Tuseme umekausha kilo 20. Dagaa wabichi wamekugharimu Sh 120,000. Kibarua wa kugeuza na kuchagua Sh 14,000. Nauli na mzigo hadi Mbinga Sh 8,000. Ushuru Sh 2,000. Pakiti 40 za nusu kilo pamoja na lebo, kwa Sh 400 kila moja, ni Sh 16,000. Jumla ni Sh 160,000. Gawanya kwa pakiti 40: kila pakiti imekugharimu Sh 4,000 kabla hujapata hata senti moja.

Ukiuza Sh 4,500, na mwenye duka akakuomba punguzo la Sh 500, umefanya kazi bure. Kwa hiyo panga bei mbili tangu mwanzo: kwa mfano Sh 4,800 kwa mwenye duka anayechukua pakiti kumi au zaidi, na Sh 5,500 kwa mlaji wa mwisho. Hizi ni namba za mfano, weka zako. Jambo la kushika ni hili: ukiwa Mbinga usimuuzie mlaji kwa bei ya chini kuliko ile ya duka linalouza bidhaa yako. Mwenye duka akigundua, atazitoa pakiti zako kwenye rafu, na atakuwa na haki.

Kupandisha mzigo mlimani

Usianze na maduka ishirini. Anza na matatu: moja karibu na stendi ya Mbinga, moja karibu na hospitali au shule kubwa, moja Songea. Hivi ndivyo unavyoingia:

1. Nenda mwenyewe mara ya kwanza, asubuhi kabla duka halijachangamka. Msalimie mwenye duka ipasavyo, kaa, kunywa chai ukikaribishwa. Huku kwetu anayeingia na bei mdomoni kabla ya salamu ameshakosea.
2. Mwachie kionjo: pakiti moja ya bure apike nyumbani. Mrudie kesho yake au mpigie simu.
3. Mkikubaliana, anza kwa mali kauli ya kiasi kidogo, pakiti kumi. Auze, akulipe, ndipo uongeze.
4. Andikeni kwenye daftari lenye nakala mbili: idadi, bei, tarehe ya kulipa, sahihi. Kauli ni nzuri, ila daftari huondoa ugomvi.
5. Chagua siku moja ya wiki ya kupeleka mzigo, uishike. Mwenye duka akijua Ijumaa unakuja, hatanunua Alhamisi kwa mwingine.
6. Ukituma mzigo kwa basi, piga picha ya kifurushi na ya gari, mtumie mpokeaji pamoja na namba ya kondakta.

Shule za bweni, hospitali za misheni na kambi za wafanyakazi hununua kwa wingi lakini hulipa polepole. Uliza mapema malipo huchukua muda gani, na usipeleke huko zaidi ya nusu ya mtaji wako.

Na ukishuka kutoka Mbinga, usirudi na gunia tupu. Panda na dagaa, shuka na kahawa iliyokaangwa na kusagwa Mbinga, na maharage. Mwenye nyumba ya wageni ufukweni anayempa mgeni kikombe cha kahawa ya Umatengo, akamwambia imelimwa kwenye milima ile anayoiona kwa mbali, pengine pembeni ya mashamba ya ngolo, yaani ya mashimo, ana kitu ambacho hoteli nyingi kubwa hazina. Naye muuza kahawa wa Mbinga akipata mahali pa kuweka pakiti zake ziwani, atakupa nafasi dukani kwake. Hayo ni matangazo ya pande mbili yasiyolipiwa.

Simu yako

WhatsApp inatosha kwa biashara nyingi za mwambao. Pakua ile ya biashara, weka katalogi yenye picha na bei, saa za kazi na mahali ulipo. Picha zipigwe asubuhi au alasiri, bidhaa ikiwa kwenye mwanga wa jua wa pembeni, bila ndoo na kandambili nyuma yake.

Ujumbe mzuri ni mfupi. Huu hapa wa kumwandikia mwalimu wa Mbinga aliyenunua mwezi uliopita:

"Shikamoo mwalimu. Ni mimi wa dagaa wa Mbamba Bay. Ijumaa napandisha mzigo: dagaa wa chanja, hawana mchanga, nusu kilo Sh 5,500. Nitakuwa stendi saa nne asubuhi. Nikuwekee pakiti ngapi?"

Ujumbe huu una salamu, utambulisho, bidhaa, sifa moja ya kweli, bei, siku, mahali, na swali linalojibika kwa neno moja. Linganisha na "Karibuni wateja wetu wapendwa kwa huduma bora", ambao haumpi msomaji la kufanya.

Statasi weka mara mbili au tatu kwa wiki: mtumbwi ukirudi alfajiri, dagaa kwenye chanja, mzigo ukipakiwa. Watu hununua kwa anayeonekana akifanya kazi. Video ya sekunde ishirini inamgharimu mteja bando dogo. Ya dakika tano hataifungua.

Usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yake, wala usiuze au kugawa orodha ya namba za wateja. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, mtu aliyeingizwa kundini kwa nguvu hujitoa na kukusema.

Jisajili Lipa Namba ya mtandao unaotumiwa zaidi na wateja wako, uiandike kwa rangi isiyofutika pale unapouzia na kwenye lebo. Onyo: usitoe mzigo kwa kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Ujumbe wa kughushi umewaumiza wachuuzi wengi siku za gulio, wakati wa msongamano.

Wageni wa ziwani

Ng'ambo, Nkhata Bay ya Malawi imepokea watalii kwa miongo mingi kwa maji haya haya. Upande wetu una fukwe, visiwa kama Lundo, pori la akiba la Liparamba, na samaki wa rangi wa miambani, mbuna, ambao wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanawajua kwa majina ya vijiji vyetu. Mgeni akifika Mbamba Bay, kinachomkwamisha mara nyingi ni kukosa habari: alale wapi, ale nini, boti ya nani, bei gani.

Kwa mwenye nyumba ya wageni, kazi kubwa ni moja: iweke nyumba yako kwenye Ramani za Google, na alama iwe mahali sahihi, namba ya simu inayopatikana, picha za chumba, choo na mandhari, na bei. Haina malipo. Msafiri wa mbali hutafuta hapo kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Akiondoka ameridhika, mwombe palepale aandike maoni. Ukisubiri, atasahau.

Kwa mwenye boti: mgeni ananunua usalama kabla ya mandhari. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, chombo kilichokaguliwa na kusajiliwa kwa taratibu za TASAC, na ujasiri wa kusema "leo mwera ni mkali, hatutoki". Mgeni aliyerudishiwa pesa yake kwa sababu ya upepo hukusifia kwa wenzake. Mwambie pia ukweli kuhusu mamba karibu na midomo ya mito na kuhusu kichocho kwenye maji yaliyotuama yenye majani. Ukimficha akaugua, ataandika kuhusu Mbamba Bay nzima, si kuhusu wewe peke yako.

Halafu kuna hadithi, mali ambayo Liuli inayo na haiiuzi. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba unaofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Kapteni wake, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza, na Rhoades aliyemshambulia alikuwa rafiki yake wa siku zote. Tukio hilo hutajwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Kijana wa Liuli anayeweza kuisimulia kwa nusu saa, akimwonesha mgeni mwamba na ghuba yenyewe, kisha akamalizia kwa mama lishe anayechoma samaki aina ya mbasa, ameunda bidhaa kamili. Pangeni bei moja, mgawane. Siku za sikukuu, vikundi vya ngoma za mganda na kioda vialikwe kwa malipo yaliyokubaliwa mapema. Kucheza ni kazi.

Mama lishe, nawe una lako. Andika ubaoni vyakula vya leo na bei, ubao uonekane barabarani na bandarini. Ugali wa muhogo na samaki wa ziwa, ndicho alichokuja kutafuta mtu wa Songea. Usimwekee wali na nyama tu, hivyo anavyo kwao. Ratiba za meli hubadilika, kwa hiyo ulizia bandarini siku moja kabla, abiria washuke sufuria ikiwa tayari.

Mabango, redio, maonesho

Bango moja linalosomeka ni bora kuliko matano yenye maneno mengi. Maneno sita: unauza nini, wapi, simu. Usilisimike ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, litang'olewa. Uliza halmashauri kuhusu ushuru wa mabango kabla ya kuchora.

Redio za karibu, kama Unyanja FM ya Nyasa au Jogoo FM ya Songea, husikilizwa na watu usiowapata kwa simu. Mkiungana wafanyabiashara watano, gharama ya tangazo inapungua. Litolewe wiki moja kabla ya tukio ulilolipigia alama kwenye kalenda.

Nane Nane ya kanda yetu hufanyika Mbeya, uwanja wa John Mwakangale. Usiende peke yako na mtaji wote. Nenda kupitia banda la halmashauri au SIDO, na urudi na orodha ya namba za wanunuzi wa jumla. Orodha hiyo ina thamani kuliko mauzo ya siku zile.

Makosa yanayorudiwa

- Kuweka dagaa wazuri juu na wabaya chini. Unauza mara moja.
- Kupunguza bei kila jirani anapopunguza. Afadhali toa nyongeza kwa mteja wa kudumu, bei ibaki.
- Kuzima simu jioni, wakati ambapo wafanyakazi hupata nafasi ya kuagiza.
- Kukopesha bila kuandika, halafu kumkwepa mdaiwa kwa aibu. Umepoteza mteja na pesa.
- Kusema "mzigo upo njiani" wakati haujapakiwa. Sema haupo, taja siku, na siku hiyo ufike.
- Kuweka picha ya ufukwe uliyoichukua mtandaoni. Mgeni akifika akakuta pengine, hata vizuri ulivyonavyo hataviamini.

ORODHA YA WIKI HII

☐ Kalenda imetundikwa, siku za giza na tarehe za mishahara zimewekewa alama.
☐ Nimepima kilo ngapi za dagaa kavu hutoka kwenye ndoo moja ya wabichi, na nimeiandika.
☐ Gharama ya pakiti moja, au sahani moja, au kitanda kimoja, naijua kwa shilingi.
☐ Nina bei mbili, ya jumla na ya rejareja, zimeandikwa.
☐ Nimeorodhesha wateja ishirini walionunua zaidi ya mara moja, kwa jina na kwa kile wanachopenda.
☐ Watano kati yao nimewapigia simu kuuliza, bila kuuza chochote: "Mara ya mwisho ulivyonunua, kipi hakikukuridhisha?" Majibu yao nimeyaandika kwa maneno yao wenyewe, na moja nimeshalirekebisha kabla ya Ijumaa.